Siku Nilipowapoteza Akina Maduhu

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na nyie mnaonijua kama fundi wa kompyuta pale Bariadi mjini mtanicheka, lakini afadhali mnicheke leo nimekaa kuliko nilivyochekwa na watu wa Nkoma, kijijini kwetu, nikiwa nimesimama mbele yao.

Ilikuwa miaka ile kampuni binafsi zinagombania pamba yetu, mkoa wa Simiyu wenyewe haujazaliwa, nami nimetoka chuo Mwanza na cheti ambacho mama alikitia kwenye fremu (nilikuwa najisikia, siwezi kukataa). Kampuni moja ikasema itatoa mbegu na pampu za dawa kwa wanachama wote wa kikundi cha wakulima cha Nkoma, mradi orodha yao iwe kwenye ukurasa wa tovuti na afisa wake aione. Katibu wa kikundi, Mwalimu Nkuba, akaniletea daftari, nikawaingiza wote kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ndani ya kompyuta, watu mia moja arobaini na tatu, kila mmoja na namba yake ya uanachama, kitongoji chake na ekari zake.

Mpaka hapo sikukosea. Kosa lilikuja kwenye ukurasa wa kuwaonyesha, maana majina yakitoka kwenye kanzidata lazima uyapokee mahali kwanza, na njia zilikuwa mbili: orodha ya kawaida, mmoja nyuma ya mwingine kama walivyokuja, au kitu kama kabati la droo, kila droo na jina lake, ukimtaka mtu unavuta droo yake tu. Orodha niliiona ya kishamba. Nikachukua kabati, na kila droo nikaiandika jina la mkulima (namba ya uanachama ilikuwepo, nikaona haipendezi). Nikajaribu kwa watu sita wa nyumbani kwetu, wote wakatokea, nikaridhika.

Siku ya mkutano ghala la pamba lilijaa watu. Kulikuwa na jenereta nje, projekta ya kuazima, na shuka jeupe ukutani. Afisa wa kampuni alikuwa dada mmoja mpole kutoka Mwanza. Nikaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakaitikia, nikabonyeza, majina yakashuka kwenye shuka vizuri kabisa, mpaka yule dada alipofika chini ya ukurasa.

"Mbona hapa wako tisini na sita?"

Badala ya kutazama kwanza, nikamjibu, "Kompyuta haikosei, dada. Pengine wengine hawakujiandikisha."

Bibi mmoja, Kabula Limbu, akasimama. "Mimi nilijiandikisha, mwanangu. Jina langu naliona, lakini ekari kumi na mbili sina. Nina mbili."

"Hizo kumi na mbili ni zangu," akasema mama mwingine nyuma yake, naye Kabula Limbu.

Wakasimama akina Kulwa Masanja watatu, ukutani yuko mmoja. "Basi wawili tumekufa," akasema mmoja wao taratibu, na ghala zima likacheka. Mimi kwa kiburi nikaomba wote wasiojiona wahamie upande wa kushoto niwahakiki, wakahama, wakahama, na katikati yao namwona baba yangu mzazi, Maduhu Shija, kofia mkononi.

"Baba, hata wewe?"

"Jina liko, ila umenihamisha kitongoji. Huyo ni Maduhu Shija wa mtoni."

Yule dada akafunga faili lake. "Niandike kwamba orodha haijakamilika, turudi msimu ujao?"

Kicheko kikakatika, kwa sababu mvua zilishaanza na watu walikuwa wameshalima. Mwalimu Nkuba akanisogelea na daftari lake, akauliza kwa sauti ya chini, "Mimi hawa nawatofautisha kwa namba. Wewe unawatofautishaje?"

Nilielewa papo hapo. Akija Maduhu wa pili, anaingia droo ile ile, wa kwanza anatupwa nje, na kompyuta haisemi neno.

Nikaomba wanisubiri kidogo, nikaondoa kabati na kuweka orodha ya kawaida hapo hapo, kila herufi ninayokosea ikionekana kwenye shuka kubwa kuliko mlango. Nikabonyeza, ukurasa ukatoka mweupe (nilisahau alama moja ndogo). "Sasa tumekufa wote," akasema yule Kulwa. Nikaitia alama, nikabonyeza tena, wakashuka mmoja mmoja, mia moja arobaini na tatu, akina Kulwa watatu wamefuatana. Dada akahakikisha kwa kidole, akasaini. Wiki iliyofuata mbegu na pampu zilifika, na zikawahi msimu.

Baba hakunigombeza. Njiani tu akaniuliza, "Kwani ulidhani Usukumani kila mtu ana jina lake peke yake?" Tukacheka wote wawili hadi nyumbani.

Tangu hapo matokeo ya kanzidata nayapokea kwenye orodha, na nikihitaji droo naiandika namba. Na kabla sijamwonyesha mtu ukurasa wangu wowote, kwanza nawaingiza akina Maduhu watatu wa kubuni, naangalia kama wote watatu wametoka.