Fremu Mbili kwenye Mizani ya Ng'ombe

Niseme mapema, ili msomaji asije akanihurumia bure: nilikuwa na wivu. Si ule wivu wa maendeleo ambao watu hujisifia. Wangu ulikuwa kijicho kitupu, cha kumtakia mwenzangu aungue kidole.

Nilikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ndogo hapa Kitengela, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Tulitengeneza magari madogo ya mbio. Hayakuwa ya kukimbizwa uwanjani peke yake. Yalikuwa na taa, vioo vya pembeni, honi na namba, na yakishakaguliwa yaliruhusiwa barabarani kama gari lingine lolote. Yalikuwa na viti viwili, hayakuwa na paa, na bodi yake ya faibaglasi watu wawili waliweza kuibeba huku wakipiga soga. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa amemaliza ujana wake akirekebisha ndege ndogo, na dini yake ilikuwa moja tu: wepesi. Ukimletea bawaba ataipima kwanza kiganjani kabla hajaitazama. "Kilo ni mwizi," alikuwa akituambia. "Ukimfungulia mlango mmoja anarudi na ndugu zake."

Kwa miaka saba fremu zote zilikuwa zangu. Fremu ndiyo mifupa ya gari, mabomba membamba ya chuma yaliyoungwa kona kwa kona, na kila kitu kingine hufungwa juu yake. Karakana yetu ilikuwa na desturi yake: fundi aliyeunda fremu ya mfano, ile ambayo nyingine zote huifuata, ndiye alama yake hugongwa chini ya kiti cha dereva katika kila gari litakalotoka. Yangu ilikuwa mstari na nukta. Wateja hawakujua kama ipo. Mimi nilijua, na nikiona gari letu likipita kwenye barabara ya Namanga nilikuwa najiambia, yule anakalia jina langu.

Kisha akaja fundi wa pili, Mmaasai wa kutoka Ewuaso Kedong, rika langu kabisa. Kazi alijifunzia kwenye matangi ya maji ya mifugo, na tangi halina msamaha: ukikosea linavuja na ng'ombe wanakushtaki. Mshono wake wa kuchomelea ulikuwa sawasawa kama safu ya shanga. Siku ya kwanza Mzee alipitisha kidole gumba juu ya kona aliyoichomelea, akafika mwisho, akarudia, kisha akanyamaza. Kwangu, kwa miaka saba, alikuwa akisema "sawa." Kunyamaza kule kuliniuma kuliko tusi.

Baada ya hapo niliona mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hayaoni. Niliona kwamba mke wa Mzee akileta chai anammiminia yeye kwanza. Niliona kwamba kikombe changu cha bati, chenye mpini uliobabuka rangi, sasa kiko mkononi mwake. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba kikombe kile ni changu, lakini mwizi ni mwizi. Na kilichonimaliza kilikuwa geti la nyumbani kwangu. Lilikuwa limelegea mwaka mzima, nikisema kesho, kesho. Jumamosi moja alipita kuniletea ujumbe wa Mzee, hakunikuta, akaona mke wangu akiliinua geti kwa bega ili alifunge. Alirudi na mashine akalirekebisha. Niliporudi mke wangu alikuwa akilifungua na kulifunga kwa kidole kimoja, akicheka.

"Huyo mwenzako ako na heshima," aliniambia. "Hata chai amekataa."

"Si nilikuwa nilitengeneze kesho?"

"Hiyo kesho yako naijua," akasema, akalifunga tena.

Basi hapo ndipo mteja mmoja alipoagiza magari sita yanayofanana. Mzee akatuita wote wawili. Kila mmoja aunde fremu yake kwa mabomba yale yale na vipimo vile vile. Kwa uimara alishatuamini, kwa hiyo itakayokuwa nyepesi zaidi ndiyo itakuwa mfano wa yale sita. Na hatutapimia karakanani. Tutazipeleka Kajiado, kwenye mizani ya soko la mifugo, kwa sababu Mzee aliamini hakuna mizani inayolindwa kama ile ambayo watu wanauzia ng'ombe wao.

Nilifanya kazi kama niliyepagawa. Nyuma ya viti kuna tao la bomba linalolinda vichwa gari likibingirika. Ili bomba lipindike bila kubonyea katikati, unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili kwa mbao, unalipinda, kisha unaumwaga mchanga wote kabla ya kuchomelea. Kila fundi anajua. Mchanga wetu siku ile ulikuwa umenyeshewa, lakini nilimwona mwenzangu amekwishaanza kona za mbele, sikutaka kusubiri ukauke. Nikajaza hivyo hivyo, nikapinda, nikamwaga. Ulitoka. Niliona unatoka, nikaridhika, nikachomelea ncha zote. Nilimaliza siku mbili kabla yake na nikahakikisha ameniona nikinawa mikono.

Asubuhi ya safari, tukipakia fremu kwenye pikapu, alilipiga tao langu kwa fundo la kidole.

"Ndugu yangu, hebu gonga hapa," akasema taratibu. "Sauti ya hii yako iko tofauti."

"Wewe angalia yako," nikamjibu. Niliona anataka kunitia wasiwasi. Akaendelea kufunga kamba.

Sokoni Kajiado watu walituzunguka. Walimsalimia yeye, "Sopa!" naye akaitikia "Epa!", wakaendelea kwa Kimaasai na kucheka. Mimi, mtoto wa wakulima wa Murang'a, nilisimama kando nikiamini kila kicheko ni changu. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, mwenye fimbo na koti refu, alituuliza kwa Kiswahili kama tumeleta mifupa bila nyama.

Fremu ya mwenzangu iliwekwa kwanza. Kilo sitini na mbili. Yangu ikawekwa. Sitini na saba.

Hata leo nikikumbuka masikio yananiwaka. Nilipaza sauti mbele ya soko zima. "Huyu amebadilisha bomba! Haiwezekani! Ametumia bomba nyembamba!" Mzee alitoa kipimo cha unene mfukoni, akapima bomba la mwenzangu, akapima langu, akanionyesha. Yalikuwa sawa.

Yule mfanyabiashara alikuwa bado ameegemea mizani. Aliinua fimbo yake akaligonga tao langu upande mmoja, akagonga upande wa pili, akainamisha sikio. Akatabasamu kama mtu aliyekutana na hila anayoijua tangu utotoni.

"Hii imenyweshwa," akasema. "Wale wezi wanapatia ng'ombe chumvi, inakunywa maji mpaka inafura, halafu ndio wanaleta kwa mizani. Hii yenu pia iko na kitu kwa tumbo."

Mwenzangu ndiye aliyetoa drili ya betri kwenye pikapu, na ndiye aliyetoboa tundu chini ya tao. Mchanga ukatoka. Ulikuwa umeganda kwenye mpindo kwa unyevu, kisha ukakauka humo humo. Uliendelea kutoka huku akigonga kwa nyundo ya mpira, ukimwagika kwenye mavi ya ng'ombe, nami nikitazama. Bibi yangu alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ndani ya bomba nililolifunga mwenyewe.

Nitakiri na hili: nilifurahi. Nilidhani mchanga umeniokoa, kwamba ukiisha nitakuwa mwepesi kumshinda. Tukapima upya.

Sitini na nne. Bado nilikuwa nimeshindwa kwa kilo mbili, na sasa sikuwa na kisingizio.

Mwenzangu angecheka ningepata pa kuliweka lile joto lililonijaa kifuani. Hakucheka. Alimgeukia Mzee. "Tuweke alama mbili. Hizi kona za mbele nilimuiga yeye, mimi sikuwa najua kuzifunga hivi."

Mzee akanitazama, akingoja.

"Sitaki kuombewa," nikasema.

"Basi," akasema Mzee, na tukafunga mizigo.

Magari sita yalitengenezwa kwa mfano wake. Mimi nilikata mabomba. Siku ya kugonga alama nilisema naumwa tumbo, nikabaki nyumbani, nikafungua na kufunga geti.

Juzi gari la kwanza kati ya yale sita lilirudi kwa huduma. Mwenzangu alikuwa Ngong, kwa hiyo Mzee alinipa mimi. Nikang'oa kiti cha dereva ili nikaze boliti, na pale chini nikaiona alama yake: chapa ya ng'ombe wa baba yake, duara lenye mkato mmoja. Haikuwa katikati ya kibao cha chuma ambako mimi nilizoea kugonga yangu. Alikuwa ameisogeza kushoto kabisa. Upande wa kulia alikuwa amesugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, akapaka mafuta kisishike kutu, akaacha nafasi ya alama moja.

Nikamuuliza Mzee kama yale mengine matano yako hivyo.

"Yote," akasema. "Hakukuambia?"

Nyundo ilikuwa karibu na goti langu. Niliitazama nafasi ile kwa muda mrefu. Mimi nisingemwachia hata upana wa kucha, na hilo nililijua bila kupima. Nikarudisha kiti, nikakaza boliti zote nne, na nikamwonea wivu hata kwa hilo.