Nani Alijenga Hiyo Nyumba?

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikifundisha shule ya msingi Kitengela, na wikendi nikiandika riwaya. Ilimhusu mke wa mfugaji wa Kimaasai enzi za mkoloni, kabla barabara ya Namanga haijawekwa lami. Mimi ni Mkamba. Baba alikuja huku kutafuta kibarua cha kuchonga mawe, nami nikazaliwa hapa, nikadhani kuzaliwa mahali kunatosha kupajua.

Jirani aliyeniletea maziwa alikuwa mwanamke wa Kimaasai kutoka Kisaju. Jumamosi moja nilimsomea sura niliyoipenda kuliko zote: mume anamjengea bibi arusi nyumba, miaka inapita, anamkasirikia, anamfukuza na kufunga mlango. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, nani alijenga hiyo nyumba?"

"Bwana yake."

"Kwetu mwanaume hajengi. Nyumba ni ya mwanamke. Sasa huyu anamfukuza kutoka wapi?"

Nilikuwa nimeshinda maktaba nikisoma habari za mikataba na mipaka ya ardhi, lakini hilo lilikuwa limenipita.

Wiki iliyofuata alinipeleka kwa mama yake. Wanawe walikuwa wamemjengea nyumba ya mabati, lakini ile ya zamani aliiweka nyuma, ya kupikia na kulaza ndama. Nilitoa daftari. Mama akasema kitu kwa Kimaa.

"Anasema uweke hiyo kitabu mbali, itachafuka," jirani akanitafsiria.

Tulichanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, tukaziba paa palipovuja. Paa lilinifika kifuani, halikuhitaji ngazi. Kinyesi kibichi kina joto, na jua la Kisaju halikungoji. Ukizubaa kinakauka mkononi. Mgongo uliniuma kabla hata robo ya paa haijaisha, na yule mama alikuwa bado anapaka.

Nilimuuliza, kupitia kwa binti yake, mumewe alipokasirika alifanya nini.

"Alichukua fimbo yake akaenda kwa mke mwenzangu," akasema. "Mimi ningeenda wapi? Hii ni kazi ya mikono yangu. Hata mvua ikinyesha ni mimi nilitoka kuziba. Yeye alikaa ndani, pakavu."

Niliporudi nyumbani nilitupa ile sura na nyingine nne zilizoifuata, kwa sababu zote zilisimama juu ya mlango ule uliofungwa. Niliona aibu, kisha nikaona afadhali. Katika sura mpya mume ndiye anayeondoka, na mke anabaki akisikiliza hatua zake zikienda kwa mke mwenza.

Ilinichukua miezi kadhaa kuiandika, kisha nikamsomea jirani tena. Akatikisa kichwa kukubali, halafu akanyoosha kidole kwenye ukurasa.

"Hapa anakamua ng'ombe. Ndama iko wapi? Bila ndama, hiyo maziwa haitoki."

Nikachukua kalamu.