Finjani ya Zuwena yenye rangi ya kucha

Mpaka sasa sikubali. Zuwena wangu kaondoka jana adhuhuri, tumemzika alasiri, na asubuhi ya leo nimetega sikio ukutani nimsikie akifagia.

Wallahi, kimya.

Mie sikusoma. Nnasema, mjukuu wangu Asma anaandika kwenye simu, na nshamwambia asinipambie maneno.

Tumekaa hapa Amerat, Oman, ukuta kwa ukuta tangu nyumba hizi hazijapakwa rangi. Wali wangu ukishika chini, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele kutoka upande wa pili: "Bi Moza! Leo tunakula makaa?"

Na uwanja wake! Akishasali alfajiri, kabla ya chai, keshashika fagio lake la chelewa za mnazi. Nikamwambia, "Weye, hapa mchanga utarudi kabla ya adhuhuri." Akanijibu, "Na weye si unaoga? Mbona uchafu unarudi?"

Mkwewe alipojifungua kule Arizona, Marekani, alikwenda kumlea mzazi siku arubaini. Fagio akalitia sandukuni. Mwanawe Nassor anamwambia, "Mama, huku hawafagii uwanja, ni jangwa tu." Akafagia. Kila siku, pakavu, vumbi linampanda mpaka usoni, na mwenyewe ananitumia voisi: "Moza, nimewasafishia Wamarekani!"

Akarudi na kikohozi.

Homa haishuki, nguo zinampwaya, na sukari anayo miaka mingi. Picha ya kifua ikaonyesha doa. Mtaa mzima ukasema TB. Hata hospitali walianza kwa kuishuku hiyo hiyo.

Hapa ndipo nnapoona haya.

Kahawa yetu mnaijua: finjani mbili tatu zinazunguka, mtu akishakunywa inasuuzwa kwenye bakuli la maji, anapewa mwengine. Mie nikachukua finjani moja, nikaitia tone la rangi ya kucha ya Asma, nyekundu, kitakoni. Nikampa mbele ya watu. "Zuwena, hii yako peke yako."

Akaigeuza, akaitazama. "Alaa! Mmenifanya biharusi!"

Watu wakacheka. Akanywa. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu.

Makohozi yakapimwa na kupimwa tena, TB hakuna. Miezi ikapita, hali ikazidi, akalazwa. Mpaka daktari mmoja, binti mdogo, akavuta kiti akakaa, akamuuliza: "Bibi, kabla ya kuumwa ulikuwa wapi, na ulikuwa ukifanya nini?" Sisi sote tulimuuliza kakaa na nani. Hakuna aliyemuuliza kafagia wapi.

Zuwena akamhadithia fagio lake. Yule binti akaacha kuandika, akamtazama. Kumbe mchanga wa majangwa ya kule una fangasi. Ukitifuliwa, mtu anaivuta na pumzi, inaota mapafuni. Wengi hupona. Umri na sukari vikamwelemea Zuwena wangu.

Tena yule daktari akasema neno lililonichoma: haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu.

Kesho yake nikaenda hospitali na chupa ya kahawa na finjani moja tu. Ile ile. Nikamimina, nikanywa mie kwanza, kisha nikammiminia yeye. Akanikazia macho. "Usinipake mate yako, mie mgonjwa!"

Tulicheka mpaka mashine ikalia, nesi akaja mbio.

Nikamwambia, "Nisamehe, Zuwena." Akasema, "Nikusamehe nini? Ungekohoa weye, mie ningekupa gilasi ya plastiki." Kisha akanishika mkono. "Lakini iliniuma, Moza."

Nikalia. Akaniacha nilie, halafu akasema, "Haya, mimina nyengine, inapoa."

Dawa zilimpa siku nzuri. Aliomba samaki wa kukaanga, akamla na miba yake. Nikajidanganya kuwa narudi naye nyumbani. Mapafu yalikuwa yamekwisha.

Leo matangani nimeitia finjani yake pamoja na nyengine, ikazunguka. Mama mmoja akaona rangi. "Bi Moza, hii si ya marehemu, ile ya ugonjwa?" Nikamwambia, "Ndiyo. Kunywa, au nipe mie."

Kanywa. Na aliyemfuatia kanywa. Imezunguka chumba kizima.

Sisemi msijikinge, TB ipo. Nnasema mtu akikohoa mpelekeni, na mumwambie daktari kila alipokwenda na kila alichoshika. Na msimpe mtu finjani ya peke yake mbele za watu kabla hamjajua anaumwa nini. Mie nilifanya, na haifutiki. Rangi ile nimeikwaruza kwa kisu, imebaki.

Zuwena, uwanja wako nimeufagia mie leo. Nimenyunyiza maji kwanza na mtandio nimeufunga puani, usinigombe. Pembeni sikufika, mgongo umekataa. Utaniambia siku tukikutana, najua hutosahau.

Mungu akupokee kwa wema. Lala, shoga yangu. Hukohoi tena.