Jina Alilolilia Mdogo Wangu

Nilipokuwa mtoto kule Kabambare, meno ya mbele yameanguka na mapya hayajatoka, nilikuwa tayari najua kubeba mtoto mchanga kuliko wanaume wengi mnaowaona leo Kasongo wakijiita baba. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Sawa, ninajisifu, lakini ni kweli. Shule niliiacha mapema, mwalimu na mimi tulichokana, ila kazi ya kulea niliisoma vizuri, na asubuhi niliyoianza naikumbuka yote.

Mama alikuwa amezaa mtoto wa kiume, mdogo wangu. Baba alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, hivyo tulikaa kwa Koko, mama yake Mama. Siku hiyo mtoto aliamka analia na kukataa ziwa. Mama akampa la kulia, mtoto akageuza uso. Akampa la kushoto, akageuza uso. Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa kikali, kinakatika, kinaanza tena, na miguu anaikunja tumboni.

Koko alimlaza kwenye mkeka akamfungua. Akatazama kitovu. Akanusa kitambaa. Akaweka kiganja kifuani asikie kama kuna homa, akapitisha kidole juu ya utosi aone kama umebonyea. Hakupata kitu. Ndipo akanyoosha mgongo na kusema neno lililomtoa Mama machozi.

"Huyu mutoto analilia jina."

Kwetu watu wanaamini kwamba mtoto mchanga anakuja na mtu. Kuna mzee wa ukoo aliyekwisha kufa ambaye anataka kuitwa tena, na msipomtaja, mtoto atalia na kukataa ziwa. Mkichelewa, anarudi alikotoka. Koko alisema alizika wawili wake namna hiyo, na sijawahi kumsikia akitania juu ya jambo hilo. Hata hivyo hakuwa mjinga. Alimtuma jirani akatafute pikipiki: ikifika kabla jina halijatoka, mtoto anapelekwa kituo cha afya.

Sasa, kuita majina kuna sheria zake. Anayeita ni mtu mzima, ila anayeshika mtoto lazima awe mtu ambaye hakuwajua wale waliokufa. Asije akampenda mmoja wao, kisha akambembeleza mtoto kwa siri ili anyamaze kwa jina la mtu wake. Yaani refa. Pale nyumbani refa nilikuwa mimi.

"Kaa hapo," Koko akaniambia. "Mikono sawasawa. Usimutikise."

"Najua, Koko."

"Unajua nini? Kuku tu inakushinda kushika."

Nikampakata mtoto amelala chali. Koko akachuchumaa mbele yetu.

"Ni weye, Kalume? Kama ni weye, nyamaza unyonye."

Kalume alikuwa baba yake Koko, mtu wa shamba kubwa la mpunga. Mtoto akalia.

"Ni weye, Pene?"

Akalia zaidi. Koko akaita wawindaji, akaita shangazi yake aliyesuka mikeka, akaita watu wote wazuri wa ukoo, na mtoto akawalilia wote bila kubagua. Mtoto anapojinyonga hivyo anakuwa mzito kama gunia la mihogo. Ningeweza kusema nimechoka, lakini mimi? Mbele ya mtu aliyetoka kunisema kwa kuku? Nikamwinua taratibu, nikamsimamisha kifuani, kidevu chake begani kwangu, kiganja changu mgongoni kwake. Koko hakuona, maana alikuwa amemgeukia Mama.

"Wazuri wameisha," alisema. "Isiwe tu ni Mukamba."

Mimi niliyekuwa na mdomo wa mtoto karibu na sikio nilisikia mbweu nene, kama ya mzee aliyeshiba, kisha maziwa ya moto yakashuka mgongoni kwangu. Mtoto akanyamaza.

Lazima mjue Mukamba alikuwa nani. Alikuwa ndugu ya Koko, mvivu, mgomvi, na wakati Mama anaolewa alichinja mbuzi wa mahari watu wakiwa kanisani, akamla na rafiki zake. Alipokufa walilia kwa adabu tu.

"Mama, hapana," Mama akasema. "Yule alikula mbuzi ya mahari yangu."

"Basi amekuja kuomba musamaha. Fungua ziwa."

"Koko, amebeua," nikasema. "Amenitapikia."

"Nyamaza. Amejibu."

Mama akafungua kitenge. Mtoto akashika ziwa, akanyonya kwa kelele, na Mama akaanza kucheka na kulia pamoja. Pikipiki ilipofika tuliirudisha. Mdogo wangu anaitwa Mukamba mpaka leo. Ni kijana mpole, ingawa nyama ya mbuzi anaipenda, tusidanganyane.

Mimi nilitangaza mtaa mzima kwamba ni bega langu lililomponya. Koko hakunibishia. Alinitumikisha. Kila mtoto wa jirani aliyelia aliletwa kwangu, naye Koko anakaa nyuma yangu: kitovu, kitambaa, joto, utosi, bega. Nikiruka kimoja, kofi la kisogo. Majina yalikuja mwisho siku zote.

Sasa ninaendesha pikipiki, napeleka watu kutoka Kasongo hadi Kabambare kwenye ile barabara inayomeza gurudumu, na nina binti wangu wa kwanza. Nikiwahi kurudi nyumbani, wenzangu wananitania: "Mama ya mutoto anaenda kunyonyesha." Ninawajibu waje niwafundishe, wake zao watanishukuru. Hawaji. Lakini mmoja alinifuata pembeni kuniuliza kitovu kinaanguka lini.

Juzi mchana binti alilia. Nikafanya yote, nikamweka begani, akabeua vizuri kabisa, akaendelea kulia. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Nyangwe, alikuwa anabangua karanga.

"Mwitie majina," akasema.

Nikamwita Kalume, nikamwita Pene, nikamwita Koko mwenyewe, maana naye amekwenda. Mke wangu akanitazama.

"Hao wote ni watu yako. Yangu iko wapi?"

Mimi, fundi wa watoto wa mtaa mzima, sikujua hata mzee mmoja wa upande wa mke wangu. Mama mkwe akaanza kunitajia bila kuacha karanga zake: huyu alivusha watu mtoni, huyu alikuwa kiziwi, huyu alizaa mapacha. Nikawa narudia kila jina karibu na sikio la binti, nikitembea uani.

Hakunyamaza kwa jina lolote. Alilia mpaka kilio kikamwishia, nami sikumweka chini. Bega ndilo lililomponya Mukamba, hilo nitalisema mpaka nife. Lakini Koko, alipofika mwisho wa ujuzi wake, hakumwacha mtoto alie peke yake. Alimwitia watu.

Binti alipolala, niliendelea kuwataja wale wa Nyangwe polepole, nisije nikawasahau.