Pua ya Mageni

Kijijini kwao, nje kidogo ya Mwadui, Mageni alikuwa hakimu wa maziwa. Hakuna aliyemchagua, alijichagua mwenyewe kwa pua yake. Alinusa kibuyu cha maziwa akakwambia hakikufukizwa moshi vizuri, na mtu akaona haya. Mwaka ule wa mvua za elinino aliyarudisha maziwa ya harusi mlangoni kwa wakwe. Harusi nusura ivunjike, lakini mpaka leo analisimulia jambo hilo kama mtu aliyeokoa kijiji.

Kwa hiyo mwanawe Ngusa alipomwita Geita, pale Kalangalala, amlelee mjukuu wa miezi minne, alikwenda akijua anahitajika. Mkwewe Aneth alikuwa amerudi kazini, karani katika duka la vifaa vya machimbo. Kila asubuhi alikamua maziwa yake, akayaacha kwenye friji kwa ajili ya mtoto, Kalisti.

Siku ya pili Mageni alifungua chupa, akanusa. Sabuni.

Alizisugua chupa zote, akazichemsha, akazianika juani. Kesho yake, sabuni tena. Akauficha mche wa sabuni juu ya kabati, nyumba nzima ikaosha vyombo kwa maji matupu siku mbili, na maziwa yakaendelea kunuka kama shuka iliyotoka kufuliwa. Juu ya hayo, Kalisti kila akishiba alicheua, tena begani kwa bibi yake, kwenye kitenge cha kanisani.

Basi hukumu ikatoka. Aneth aliporudi kutoka kazini, hata viatu hajavua, aliambiwa kwamba maziwa yamemwagwa, imebaki chupa moja tu ya ushahidi, na kesho yatatafutwa ya ng'ombe.

“Mama Kalisti, mimi sikulaumu,” Mageni alisema, kwa sauti ya kulaumu. “Wengine Mungu hakuwapa maziwa ya kulea.”

Aneth alikaa ukingoni mwa kitanda, kifua kimejaa, akamwambia mumewe kwamba ataacha kunyonyesha. Ngusa, ambaye huteremka mashimo marefu ya dhahabu bila woga, hakuthubutu kuingia kati ya wanawake hao wawili. Alisema waende kliniki.

Walikwenda, Mageni mbele na chupa yake. Nesi, binti mdogo aitwaye Scolastika, alimpa shikamoo, akanusa, wala hakushtuka. Alieleza kwamba maziwa ya baadhi ya akina mama yakikaa kwenye baridi hupata harufu ya sabuni, na hayajaharibika. Mtoto akiyakataa, mama awe anayapasha moto mara tu akishayakamua, mpaka yaweke vipovu pembeni, ndipo ayapoze na kuyahifadhi. Ya ng'ombe yangoje. Kuhusu kucheua, mtoto ashikwe wima kila akimaliza kunyonya. Kisha akamning'iniza Kalisti kwenye mizani.

“Bibi, mtoto mwenye maziwa mabaya hanenepi hivi.”

Mageni aliitazama ile mizani, kisha chupa yake. Miaka sitini alikuwa amenusa maziwa ya vibuyu. Ya friji, hata siku moja.

Walipofika nyumbani walimkuta jirani yao Sesilia barazani. Alitaka kujua kama ni kweli maziwa ya Aneth yameoza. Habari hiyo alikuwa ameipata juzi bombani, kwa Mageni huyuhuyu.

Mageni akampandisha na kumshusha kwa macho.

“Nani huyo mwongo? Maziwa ya mkwe wangu nimeyanusa mimi mwenyewe.”

Aneth alimeza kicheko, akaketi palepale mbele ya Sesilia, akampa mtoto ziwa.