Kahawa ya Nyamwiza

Siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilinuka ndizi mbivu zilizokandwa kwa nyasi, maana wanaume walikuwa wanakamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, nami bi arusi wa juzi napita katikati yao na kikapu cha kahawa ya kutafuna, macho chini kama nilivyofundwa. Bi arusi anayetazama chini husikia mara mbili. Watu husahau kwamba ana masikio.

Ilikuwa Nyakasimbi. Wadachi wamekwisha kuingia nchini, lakini wakungu, wakuu wa vijiji, bado wanawekwa na mukama, mfalme wetu. Mkungu wetu mzee alikuwa amekufa, na kiti chake kiligombewa na wawili: Byabato, baba mkwe wangu, na Kamuhanda, jirani wa ng'ambo ya bonde. Mjumbe wa mukama alikuwa njiani kuja kusikiliza watu.

Mimi nilikuwa wa Byabato mpaka kwenye uti wa mgongo, na nilikuwa na sababu. Sotoka ilipomaliza ng'ombe, yeye aliwagawia wajane maziwa ya ng'ombe wachache waliombakia, watoto wake wakalala na uji. Hilo peke yake lilitosha kumpa kiti. Lakini wale waliomzunguka hawakulitaja hata mara moja. Wema hauna utamu mdomoni mwa watu wa fitina. Wakaanza kumchimba Kamuhanda. Mara ati ndiye aliyeleta funza kijijini. Funza hao waliingia na misafara, wakatula vidole sisi sote, na Kamuhanda mwenyewe alichechemea kuliko mtu yeyote. Tulicheka. Hata mimi nilicheka.

Kisha kicheko kikaisha. Wakasema mkungu mzee aliuawa kwa kahawa ya nyumbani kwa Kamuhanda.

Ujue, kwetu mgeni hapewi kahawa hivi hivi. Mwenye nyumba huanza yeye, anatia punje mdomoni mbele ya macho yako, ndipo wewe unanyoosha mkono. Wakasema Nyamwiza, mke wa Kamuhanda, siku mkungu alipowatembelea hakuanza. Na mtu akithibitishwa kuwa na sumu, migomba yake hufyekwa yote, nyumba hutiwa moto, naye hufukuzwa na watoto wake kama mbwa. Nyamwiza alikuwa na kichanga mgongoni. Kumwona kichanga huyo ndiko kulikonipeleka kwake siku hiyo, mimi na mama mkwe, na mkungu mzee akatukuta pale. Nilimwona Nyamwiza akianza. Nilimwona kwa macho haya.

Palikuwa na mchuuzi mmoja wa Kiislamu, Mzee Salum, ambaye baba yake alitoka pwani. Alizunguka na kaniki na shanga mpaka Isingiro na Kamuli. Wakamwita, wakamwomba aipeleke habari ya sumu huko aendako. Alikunja kaniki zake polepole.

"Jamani, mimi nauza nguo," akasema. "Nguo ikichuja, mtu ananirudishia. Neno likichuja, mtamrudishia nani?"

Wakamcheka, ati anaogopa kukosa wateja. Yeye akajitwisha mzigo wake, akaaga, akaenda. Mimi nikalibeba neno lile pamoja na kikapu changu.

Na uongo haukukaa ng'ambo ya bonde, mwanangu. Ukiwasha moto kwa jirani, upepo hauulizi nyumba ni ya nani. Wale wale walioutunga wakaanza kutazama vidole vyangu nikipitisha kikapu, waone kama kweli nimetafuna. Ndugu kwa ndugu wakawa wanakodoleana macho juu ya punje ya kahawa. Hapo nikaona upande wetu ulivyo, na ile fahari yangu ikaoza.

Mama mkwe akaniletea ujumbe wa mumewe: nitaitwa barazani, niseme Nyamwiza hakuanza. Bi arusi hasemi mbele ya wanaume, kwa hiyo akisema, neno lake ni zito. Nikikataa, nitarudishwa kwa baba yangu.

Siku ya baraza kila nyumba ilimwekea mjumbe kikapu chake cha kahawa. Vikapu vyote vilipita mikononi. Cha Nyamwiza kikabaki chini, hakuna aliyekigusa, nzi wanakitembelea, naye amekaa pembeni anamnyonyesha mtoto, uso umekuwa kama jivu. Byabato akasimama, akasema maneno yake, akaniita.

Nikapiga magoti. Halafu, kwa magoti yale yale, nikapita mbele ya wanaume mpaka kwenye kile kikapu. Nikachukua punje, nikatafuna, nikameza.

"Hivi ndivyo alivyofanya siku ile," nikasema. "Alianza yeye. Mkungu alikufa kwa uzee wake."

Mjumbe alinitazama sana. Kisha akanyoosha mkono, akachukua yake. Kiti hakikwenda kwa Byabato wala kwa Kamuhanda. Kilipewa mtu wa Kamuli ambaye hakuna aliyemwomba. Lakini migomba ya Nyamwiza haikuguswa, na mpaka leo inazaa.

Sikurudishwa kwetu. Niliadhibiwa kwa kimya. Baba mkwe hakula chakula cha mkono wangu tangu palizi mpaka mavuno ya maharage. Nilimpikia, akapitisha sahani. Sikulia, na sikumwomba radhi. Mpaka siku moja nikapitisha kikapu mbele ya wageni wake, nikainua punje ili nianze kama desturi. Yeye akanyoosha mkono kabla yangu, akachukua, akatia mdomoni, akaendelea na mazungumzo yake. Hakunisubiri, wala hakutazama vidole vyangu.

Basi, mwanangu, nasikia nawe sasa unaitwa kwenye vikao vya wakubwa. Nenda. Mtetee mtu wako kwa mema aliyotenda, uyaseme mpaka sauti ikauke. Wakikupa tope umrushie mwenzake, lirudishe pale pale lilipochotwa, hata kama mkono unaokupa ndio uliokulisha. Usilolitia mdomoni mwako mbele ya watu, usimpe mwingine alimeze.

Mungu akupe ulimi usiochuja. Migomba yako izae mpaka ihitaji miti ya kuiegemeza, na kila mgeni atakayepita mlango wako apokee kahawa mkononi mwako bila kukutazama vidole.