Poda ya Mama Mdogo

Mwanamke wa mjini kwetu haendi kwa daktari bila kuoga na kujipaka poda. Ni heshima. Hujipaka shingoni, kwapani na chini ya matiti, kisha huvaa kitenge kilichopigwa pasi. Mimi napiga picha za matiti katika kliniki moja ya Gihosha, na heshima hiyo imenitoa jasho miaka yote. Poda hutokea kwenye picha kama vichembe vyeupe, na vichembe vyeupe ndivyo tunavyovitafuta, maana mara nyingine saratani changa huanza hivyo. Nilibandika karatasi mlangoni kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kwamba mtu asipake kitu. Sijaona aliyeisoma.

Basi nikawa mkali. Niliwarudisha bafuni mmoja mmoja, na wengine walinung'unika kwamba mdomo wangu ni mchungu kuliko dawa. Sikujali.

Siku moja alikuja mama mdogo, mdogo wake mama, aliyenilea. Alitoka Buterere na kitenge kipya, harufu ya poda ikamtangulia koridoni. Hakuwa na uvimbe wala maumivu. Mimi ndiye niliyemlazimisha aje, kwa kuwa mama yangu alikufa kwa saratani ya titi na sikutaka kuuona tena nyumbani. Nilimuuliza kama ameoga kama nilivyomwagiza. Kweli alikuwa ameoga, kisha akapaka upya.

Picha ikitoka mashineni huwa ya kijivu, kama ina ukungu. Kwenye kompyuta naikuza na kuongeza tofauti ya weusi na weupe, mpaka kilichojificha kijitokeze. Nilipoongeza, titi lake la kushoto lilijaa vichembe. Niliogopa, ingawa nilijua ni poda. Nikampeleka bafuni, nikamsugua mwenyewe kwa sabuni na kitambaa, naye akicheka kwamba zamani yeye ndiye aliyekuwa akinisugua mimi.

Picha ya pili ilitoka ya kijivu, imetulia, haina kitu. Sikuongeza. Kila mwanamke namwongezea, hata yule anayenitukana, lakini kwa mama mdogo mkono ulikataa. Nikajiambia ilikuwa poda na poda imekwisha. Nikaituma picha kwa daktari anayezisoma, nikamruhusu mama mdogo arudi kwenye mchele anaouza sokoni.

Haikupita nusu saa daktari akaniita. Hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini picha ile sikuishughulikia kama nyingine. Akaongeza mwenyewe mbele yangu. Karibu na kwapa palikuwa na vichembe vitano vimesongamana, na hivyo havikuwa vya kuondoka kwa sabuni. Aibu ilinishika kabla ya hofu.

Jioni nilishuka Buterere. Nilimkuta uani na ungo mapajani, anachambua mchele. Nilimweleza yote, hata lile la mkono wangu kukataa, kwa sababu ningelificha lingenila. Hakuacha kuchambua. Aliuliza kama kitu chenyewe ni kikubwa. Nikasema ni kidogo sana.

"Basi wakitoe," akasema. "Kajiwe kadogo ndiko kanavunja jino."

Kipimo kilionyesha ni saratani changa, wakampasua wiki chache baadaye, wakatoa sehemu tu ya titi. Daktari wa upasuaji alisema tuliwahi. Mimi neno hilo sikulipokea vizuri. Nilijua nani aliwahi na nani alikaribia kuchelewesha.

Mwaka uliofuata alirudi kwa picha ya kuangalia tena. Koridoni haikutangulia harufu yoyote. Alisimama mbele ya mashine, akaweka titi mwenyewe palipotakiwa, akanigeuzia uso.

"Leo sikupaka kitu," akasema. "Na we usiogope, mwanangu. Ongeza mpaka mwisho."

Niliongeza mpaka mwisho, yeye amesimama nyuma yangu, mkono wake begani pangu. Palikuwa na kovu tu, basi.